Mpagazi wa Kilimanjaro natafuta kisiwa cha KUTEMBEA na mama watoto, siyo cha kulala ufukweni

Meku wa Pasua

Wakuu habari za jioni, shikamoo kwa wakubwa na wengine mambo vipi. Mimi ni mpagazi hapa Moshi, mlima napanda mwaka wa kumi na mbili sasa, najua njia ya Machame kuliko njia ya kwenda kwa wakwe. Mwaka huu mimi na mama watoto tunatimiza miaka kumi ya ndoa na nilimuahidi tutasafiri sisi wawili tu, watoto wanabaki kwa bibi yao Kibosho.

Sasa shida iko hivi. Nilipomwambia twende tukatembee msituni akaniangalia akasema "mlima sitaki kuusikia, nataka kuona maji pande zote". Kwaiyo lazima iwe kisiwa. Mimi nami nikikaa sehemu moja siku mbili miguu inaanza kuuma, nimezoea kutembea, alafu nina hamu moja ya siku nyingi sana, nataka kutembea porini kama mgeni, mikono mitupu, bila kilo 20 kichwani, nisimame nikitaka kusimama, nimuulize gaidi (muongoza wageni) huu ni mti gani na yule ni ndege gani kama wanavyotuuliza wao.

Tulishaenda Zanzibar mara moja baada ya harusi, kuna watu walituuzia pakeji (siwataji) wakasema ndani kuna "matembezi ya msitu", tukafika tukatembezwa dakika ishirini tukapigwa picha na kima tukarudishwa kwenye gari, siku nne zilizobaki tumekaa kwenye viti vya plastiki tunaangaliana. Sitaki tena hiyo.

Likizo yangu inafuata msimu wa mlima, yaani Aprili na Mei au Novemba, hapo katikati siwezi kuacha kazi. Bajeti ni ya kawaida ya mtu wa tipu, tunapanda basi, hatupandi ndege. Na kingine nisichowaambia watu, kuogelea sijui. Naombeni ushauri.

Chalii wa Sakina

Kama ni kima na msitu si uende Rau tu arifu, bajaji unashukia pale pale, mbega wako juu ya miti wanakuangalia kama mwenye nyumba anayedai kodi, na ule mvule mkubwa upo. Maji muulize mama kama mfereji wa Rau unatosha 😂😂

Ila siriasi, Aprili usiende popote mzee. Masika yakikolea pwani ni matope na mbu, utakuwa umetoka mvua ya Moshi kwenda mvua ya Zanzibar na nauli umelipa. Novemba ndo mpango.

Dada wa Njiro

Kaka usiichukie Jozani, ule msitu wa Unguja mliopelekwa, kwa sababu ya wale waliowakimbiza. Mimi nimeenda peke yangu bila pakeji ya mtu, nimepanda daladala kutoka mjini Unguja nikashuka getini, nikalipa pale pale nikapewa muongozaji, nikamwambia kabisa mimi nina siku nzima sina haraka. Tukatembea asubuhi mpaka mchana. Wale uliopiga nao picha wanaitwa kima punju, hawapatikani popote duniani isipokuwa Unguja (Pemba walipelekwa wachache zamani), sasa kuwaona dakika ishirini na kuondoka ni sawa na mtu aje Moshi apige picha geti la Marangu aseme amepanda mlima.

Kitu ambacho sitasahau ni kwamba wanakula MKAA. Nilidhani ananitania. Mashamba yamepakana na msitu, kwaiyo wanakula majani ya miembe na mikungu, yale majani yana vitu vinavyosumbua tumbo, na mkaa unavinyonya, ndo maana wanaiba makaa kwenye matanuri na majikoni. Nilimuona mmoja kashika kipande anatafuna kama mhogo. Yaani mnyama kajitafutia dawa mwenyewe.

Alafu usiishie msituni, vuka barabara upande wa Pete kuna njia ya mbao imepita katikati ya mikoko, nenda maji yakiwa yamejaa uone samaki chini ya miguu yako, yakitoka unaona mizizi na kaa tu. Jozani na ghuba ya Chwaka zimekuwa hifadhi ya taifa tangu 2004 na ni kama kilometa za mraba 50, siyo kidogo. Viatu vaa vya kufunika, kule ardhi nje ya msitu ni mawe ya matumbawe, yamechongoka, yanakata soli.

Meku wa Pasua

Dada asante sana, hilo la mkaa nimemsomea mama watoto amecheka mpaka basi, kasema kumbe hata mimi nikiumwa tumbo nisimsumbue. Ila kusema ukweli Unguja ameshaiona, naona anataka sehemu ambayo mashoga zake hawajapiga picha. Viatu usijali, nina buti za mlima jozi tatu zote nimepewa na wageni, moja saizi yake kabisa.

Mzee wa Sangara

Mkuu mbona wote mnakimbilia bahari, maji pande zote si hata ziwani yapo. Mimi nipo Usa River sasa hivi lakini nimefanya kazi Geita miaka mingi, nakwambia nenda RUBONDO. Kile ndo kisiwa cha kutembea. Ni hifadhi ya taifa tangu 1977, kisiwa karibu chote ni msitu, hakuna kijiji, hakuna muziki, hakuna mtu anakuuzia shanga. Wavuvi walihamishwa zamani sana kisiwa kilipofanywa pori la akiba.

Sasa sikiliza hii habari. Kule kuna sokwe, lakini sokwe wa Rubondo siyo wa asili ya pale. Yule Profesa Grzimek, Mjerumani, yule wa Serengeti aliyezikwa Ngorongoro pembeni ya mwanae, kati ya 1966 na 1969 alileta sokwe kumi na kitu kutoka Ulaya, walikuwa wanaishi kwenye vizimba na bustani za wanyama huko, wakafunguliwa pale ufukweni waende. Hakuna aliyewafundisha kujenga kiota wala tunda gani lina sumu. Na wameishi, wamezaana, wajukuu zao wako porini kabisa leo hii na ukitembea na askari unaweza kuwaona. Nasema unaweza, kwa sababu msitu ni mnene na hawana miadi na mtu. Twiga na tembo nao waliletwa. Mwenyeji hasa ni nzohe, swala wa kwenye matete mwenye kwato ndefu za kutembelea tope, na viboko, mamba na fisi maji. Na tai wala samaki, asubuhi wanapiga kelele kisiwa kizima.

Njia: basi Arusha mpaka Mwanza kupitia Singida na Shinyanga, hiyo ni siku nzima usijidanganye. Ulale Mwanza. Asubuhi upande gari la Geita na Chato, siku hizi feri ya Busisi hamna kungojea, daraja la Kigongo limefunguliwa Juni 2025, kilometa tatu juu ya ziwa unapita unaangalia tu. Unaenda mpaka Kasenda karibu na Muganza, hapo hifadhi wanakuchukua kwa boti. Ukipitia Nkome safari ya majini inakuwa ndefu zaidi, kwa mtu asiyejua kuogelea nakushauri Kasenda. Wana mabanda ya kulala ya hifadhi yenyewe, ya bei ya mwananchi, unabeba chakula chako, kuanzia mchele mpaka chumvi, nunua Mwanza au Geita. Malipo yote ni kwa kontroli namba, usibebe furushi la hela.

Angalizo moja, mbung'o wapo. Usivae bluu wala nyeusi, wanazifuata hizo rangi kama nzi na kidonda.

Meku wa Pasua

Mzee wangu shikamoo. Hii habari ya sokwe kuletwa kwa meli imenigusa sana, yaani mtu ameishi kizimbani anafunguliwa mlango anaambiwa nenda. Nimeisoma mara mbili.

Lakini nina wasiwasi wa vitu viwili. Koti langu la mvua ni la bluu, suruali ni nyeusi, begi jeusi, wapagazi wote tunavaa hivo, mbung'o watanipokea kama kiongozi wa kitaifa. La pili, kwenda na kurudi zinaondoka siku nne njiani na mimi nina siku tisa tu. Mama watoto anatapika kwenye basi kuanzia Bomang'ombe.

Mzee wa Sangara

Marahaba. Basi kama hamfiki mbali fikeni hata Mwanza mkaone Saanane, kile kisiwa kipo pua na mdomo na mji, boti dakika chache tu. Kilikuwa bustani ya wanyama tangu 1964, leo ni hifadhi ya taifa, kidogo kuliko zote nadhani, ukubwa wa kilometa za mraba 2 na kidogo pamoja na maji yake. Unapanda mawe, unaona pimbi na swala, jua likizama unaona mji wote. Lakini ni matembezi ya asubuhi moja, usiiite likizo.

Mtu wa Wete

Assalam aleikum jamani. Mie nipo soko la Kilombero hapa Arusha nauza viungo, kwetu Pemba. Nimesoma uzi wote nangojea mtu ataje Pemba, naona kimya, basi n'seme mwenyewe.

Kwanza yakhe hilo neno "gaidi" nyie wa Moshi mnaloita waongoza wageni, ukifika bandarini usilitamke kwa sauti 😂

Pili nikufahamishe habari ya upepo maana wewe wa mlimani unaangalia mvua tu. Bahari yetu ina kusi na kaskazi. Kusi inaanza Aprili hivi, ikifika Juni na Julai mkondo wa Pemba unachafuka, watu wanalala chini melini wameshika ndoo. Kaskazi inashika Disemba mpaka Machi. Katikati hapo upepo unapogeuka tunapaita maleleji, bahari inatulia kama maji ya kwenye beseni, na Novemba inaangukia hapo hapo. Mvua za vuli zipo ndio, lakini za vuli zinapiga asubuhi au usiku kisha jua linatoka, siyo kama masika inayokaa siku tatu kama mgeni asiyeaga. Kwaiyo kwa mtu anayeogopa maji mwezi wako ni mzuri kuliko unavyodhani.

Njia yako isiwe Dar. Moshi unapanda basi la Tanga, Same, Mombo, Korogwe, Segera, Muheza, umefika mchana. Tanga kuna meli ya kuvuka Pemba, haiendi kila siku, piga simu kwanza uijue siku ndo ukate tiketi ya basi. Shemeji ale tangawizi kabla ya kupanda, siyo baada.

Sasa kutembea. Pemba siyo tambarare kama Unguja, ni vilima na mabonde, Waarabu waliiita kisiwa cha kijani. Nenda kaskazini, daladala mpaka Konde, kisha msitu wa Ngezi. Ni kama kilometa za mraba 14 zilizobaki za msitu mkubwa uliokuwepo zamani. Pale getini kuna waongozaji wa kituo. Mwambie akutembeze asubuhi, kisha mrudi usiku mkamsikilize bundi wa Pemba, hayupo popote isipokuwa kwetu, utamsikia kabla hujamuona, sauti moja fupi, kisha mwengine anajibu mbali. Mkitoka msituni barabara hiyo hiyo inawatoa pwani ya Vumawimbi, mchanga mrefu na mara nyingi watu unaowaona ni wavuvi tu.

Kisha mpitie Kidike, njia ya Chake kwenda Wete. Huko kuna popo wakubwa, rangi ya kahawia nyekundu, bawa kwa bawa wanafika mita moja na zaidi. Zamani tulikuwa tukiwala, n'seme kweli, babu yangu alikuwa fundi wa kuwatega, wakaliwa mpaka wakakaribia kwisha. Wanakijiji wenyewe ndo waliosimama kuwalinda na sasa wamejaa, wananing'inia mchana kutwa wanagombana kama wanawake kisimani (dada wa Njiro n'samehe).

Dada wa Njiro

Sikusamehe 😒 ila endelea, unaeleza vizuri.

Mama Viungani

Naomba kuchomekea, Mafia je? Mume wangu alikuwa mwalimu Kilindoni. Kuanzia Oktoba mpaka Machi wale papa shilingi wapo karibu kabisa na Kilindoni, samaki mkubwa kuliko basi dogo na hana habari na mtu, anakula vitu vidogo vidogo vya majini. Wanaitwa shilingi sababu ya madoa mgongoni kama sarafu. Kutembea kupo pia, kisiwa cha Chole unakizunguka kwa miguu, magofu yameliwa na mizizi, mafundi wanajenga majahazi ya mbao ufukweni na popo nao wapo. Juani kuna magofu ya Kua, mji uliovamiwa na Wasakalava kutoka Bukini (Madagaska) karne ya 19 haukurudi tena. Ukipita mule ukiwa peke yako nywele zinasimama.

Meku wa Pasua

Mama shikamoo. Huyo papa nimeangalia picha zake usiku, mama watoto akaamka akakuta natoka jasho. Mimi hata Ziwa Duluti niliingia mtumbwi mara moja nikashika kingo mpaka vidole vikafa ganzi. Na Mafia mpaka niende Dar kisha Nyamisati kisha kivuko tena, naona ni mbali. Ila nimeiweka kichwani.

Mtu wa Wete naomba kuuliza, hiyo Misali watu wanayoitaja ni nini, na kuna boti za aina gani, naomba ukweli siyo maneno ya biashara.

Mtu wa Wete

Ukweli basi. Misali ni kisiwa kidogo magharibi ya Chake, boti zinatoka Wesha, ni boti za mashine za mbao, siyo meli. Ukitaka kwenda mwambie nahodha akupe jaketi la kuokolea kabla hujaweka mguu, na ulivae, usilikalie kama mto kama wanavyofanya vijana wetu. Kama hana, shuka, tafuta mwengine, usione haya.

Wazee wanasimulia kwamba Nabii Khidhri alifika pale akataka kuswali, akaomba msala, hakuna aliyekuwa nao, akasema basi kisiwa hiki chenyewe kitakuwa msala wangu maana kimeelekea kibla. Ndo jina likatoka hapo. Kisiwa kimehifadhiwa tangu 1998, lakini wavuvi wanaruhusiwa kupiga kambi kwa taratibu zao. Ndani kuna njia za miguu zimekatwa, unapita chini ya mibuyu na miti ya pwani, ukikaa mpaka giza unaweza kumuona yule kaa mkubwa anayepanda minazi. Kuna mapango, watu wanaomba dua na waganga wanaacha vitu vyao, vitambaa, ubani, sarafu. Ukikuta kitu usikiguse, usikipige picha, pita.

Mavazi, shemeji abebe kanga za kutosha, Pemba siyo Nungwi. Mkijiheshimu mtaalikwa chai mpaka mchoke. Na ukiona karafuu zimeanikwa barabarani usizikanyage, hiyo ni ada ya shule ya mtoto wa mtu.

Chalii wa Sakina

Mimi niliingia hapa kuchekesha sasa naulizia nauli ya Tanga 😂 Mtu wa Wete duka lako liko upande gani pale Kilombero, nije nichukue iliki ya bimkubwa.

Mtu wa Wete

Upande wa ndani kwenye nafaka, ukisikia harufu ya karafuu umefika.

Meku wa Pasua

Wakuu nimerudi. Mama watoto amechukua simu amesoma uzi wote toka mwanzo, nikiwa nimekaa pembeni nangoja hukumu. Amesema Pemba. Nilijua ni sababu ya kanga lakini kumbe ni yule bundi, anasema anataka kusikia ndege anayejibiwa. Rubondo tumeweka mwaka kesho kutwa, mzee wa Sangara usikate tamaa, ile ya sokwe lazima niione, nitanunua koti la kaki.

Leo ameanza kupanga begi japo bado wiki tano. Nimelinyanyua. Kwa mkono wangu uliozoea mizani ya getini, lile siyo chini ya kilo 20, na mimi ndo nilikuwa nasema nataka kwenda mikono mitupu. Amesema tutaona.

Swali la mwisho kwa Mtu wa Wete, hapo Vumawimbi tunataka kutembea ufukweni mbali, mpaka kule kwenye mnara wa taa wa Kigomasha ikiwezekana, nijuaje maji hayatatukata njiani?

Mtu wa Wete

Angalia mwezi yakhe. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndo bamvua, maji yanatoka mbali sana na yanarudi juu sana na kwa haraka. Siku hizo ondokeni maji yakiwa yanatoka, siyo yameshatoka, mpate muda wa kurudi. Na msipite juu ya mwamba pekupeku, kuna wale wenye miiba kama nungunungu wamejificha kwenye mashimo, hapo buti zako za wageni zitafanya kazi. Muulize kijana yeyote wa Makangale saa ya kupwa, atakwambia bila kuangalia saa. Nipigie siku mnakata tiketi ya Tanga, nina mzigo mdogo wa mama wa kumpelekea, viatu na dawa ya miguu, hautazidi kilo tatu.

Meku wa Pasua

Kilo tatu haya lete. Mpagazi ni mpagazi tu 😂